Je, Wajua? Oili ya Difu Inayosahaulika

Je, wajua kwamba boda boda nyingi za Migori na Homa Bay hazina oili ya gia ya pekee? Bajaj Boxer au TVS inayokutoa Rongo hadi Ndhiwa ina injini, klachi na giaboksi ndani ya nyumba moja, na zote huogelea katika oili moja. Ndiyo maana makopo ya oili ya pikipiki huandikwa JASO MA, alama iliyoanzishwa na Wajapani mwaka 1998 kuonyesha kwamba oili hiyo haitaifanya klachi iteleze. Kutoka hapo nguvu hupitia kwenye cheni, na cheni yenyewe haidai mengi: isafishwe, ikazwe, ipakwe oili.

Tuktuk ya mizigo haiko hivyo. Ile pikipiki ya magurudumu matatu yenye bodi nyuma, inayobeba mapipa ya maji, mchanga, mabati na magunia ya omena, kwa kawaida haina cheni ya kuzungusha magurudumu. Lala chini uchungulie: utaona shafti ndefu, mafundi huiita propela, ikienda kuingia kwenye difu katikati ya ekseli ya nyuma. Difu hiyo ina oili yake, imefungiwa humo, haichanganyiki na ya injini. Vuka mpaka wa Isebania uingie Sirari, upande wa Tanzania, na chombo hicho hicho utasikia kikiitwa guta.

Shafti si jambo la jana. Kampuni ya FN ya Ubelgiji ilitoa pikipiki ya silinda nne yenye shafti mwaka 1905, na BMW ya Ujerumani iliweka shafti kwenye R32, pikipiki yake ya kwanza, mwaka 1923. Mwaka 1942 Harley-Davidson ililitengenezea jeshi la Marekani pikipiki kama 1,000 za shafti, zilizoitwa XA, kwa ajili ya vita vya jangwani ambako mchanga ulikuwa ukitafuna cheni. Dereva wa Nyatike, anayeshinda kwenye vumbi la kuelekea machimbo ya dhahabu ya Macalder, ataielewa sababu hiyo upesi. Vumbi likishikana na oili ya cheni hugeuka msasa.

Je, wajua kwamba oili ya gia namba 90 si nzito mara mbili ya oili ya injini namba 40? Hili huwapotosha wengi dukani. SAE, chama cha wahandisi wa magari kilichoanzishwa Marekani mwaka 1905, kina vipimo viwili, kimoja cha oili za injini na kingine cha oili za gia. Ukizipima kwa kipimo kimoja, 90 ya gia hukaribiana na 40 au 50 ya injini. Chukulia kiatu namba 40 na shati namba 40: namba moja, lakini hakuna anayedhani mguu wake una ukubwa wa shingo yake. Na ukikuta kopo limeandikwa 80W-90, ile W inahusu baridi kali za nchi za theluji. Huku kwetu kando ya Nam Lolwe, kama Wajaluo wanavyoliita Ziwa Victoria, itazame zaidi namba ya mwisho. Difu nyingi hutaka 80W-90 ya daraja la GL-5, ingawa kitabu cha mtengenezaji ndicho chenye kauli ya mwisho.

Harufu je? Anayefungua oili ya gia kwa mara ya kwanza hudhani imeoza. Ile ni salfa, na pamoja nayo imo fosforasi. Ndani ya difu, meno ya gia hayabingiriki tu, yanasuguana yakiwa yamebanwa kwa nguvu ya ajabu, na oili tupu ingekamuliwa yote ikaacha chuma juu ya chuma. Pale meno yanapopata moto, salfa hushikana na chuma na kufanya utando mwembamba sana unaokubali kukwanguliwa badala ya jino lenyewe. Zamani kazi hiyo ilifanywa pia na mafuta ya nyangumi yaliyotiwa salfa, hadi Marekani ilipoyapiga marufuku mwanzoni mwa miaka ya 1970. Lakini salfa ina upande wake mbaya: aina nyingine za GL-5 huidhuru shaba, kwa hiyo usiimimine tu kwenye giaboksi ya gari kuukuu kwa sababu imebaki kwenye kopo.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. Adui mkubwa wa difu upande huu wetu ni maji. Tuktuk imetoka safari ndefu na mzigo, difu imepata moto, hewa iliyomo ndani imetanuka. Dereva anaiingiza ziwani moja kwa moja, ekseli ikazama, ili ajaze mapipa bila kutembea au aioshe kabisa. Difu inapoa ghafla, hewa inasinyaa, na inavuta maji kupitia sili na kipumulio. Kipumulio ni kile kitundu kidogo juu ya ekseli ambacho wengi hawajawahi kukiona, na ambacho tope hukiziba. Kikizibwa, joto linaporudi, oili husukumwa nje kupitia sili hadi kwenye breki za nyuma. Chombo kilichojaa mapipa kikose breki kwenye mteremko!

Nilisimama kwenye gereji moja ya Homa Bay siku fundi alipofungua nati ya chini ya difu ya namna hiyo. Kilichotoka kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na mwishoni vikadondoka vipande viwili vya chuma, vikubwa kama punje za mtama. Dereva aliviokota akaviweka kiganjani, akanyamaza. Alikuwa amebadilisha oili ya injini bila kukosa. Hii ya nyuma hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ipo.

Yule fundi alikuwa na utaratibu ninaoupenda. Kwanza chombo kiendeshwe kidogo oili ipate joto, itoke na uchafu wake. Kisha kisimame mahali tambarare. Halafu, kabla ya kugusa nati ya chini, afungue ya kujazia, maana ikiwa imeshika kutu na umeshamwaga oili, umekwama hapo hapo. Unga laini wa chuma kwenye nati yenye sumaku haukumtisha. Vipande ndivyo vilivyomtisha. Oili chafu aliikinga kwenye mtungi, kuna watu huja kuichukua wapake nguzo za ua zisiliwe na mchwa, wala haikwenda kwenye mtaro unaoteremka ziwani. Oili mpya aliijaza polepole hadi ikaanza kuchuruzika kwenye mdomo wa tundu la kujazia, akaiacha idondoke matone machache, akafunga.

Kisha alichukua waya mwembamba, akazibua kipumulio, akampa dereva waya ule.