Chai, Mate na Meno: Kinachoozesha ni Sukari, Si Majani

Kutoka Mtwapa hadi Marereni, siku haianzi bila chai. Asubuhi ni chai ya maziwa kwa mahamri na mbaazi. Mchana ni chai ya rangi, ambayo wengine huiita strungi, na jioni birika hurudi jikoni tena. Wengi wameambiwa kwamba chai huharibu meno. Ukweli ni kwamba majani ya chai hayaozeshi meno. Kinachoyaozesha ni sukari inayotiwa kikombeni, na zaidi ya hapo, idadi ya mara ambazo sukari hiyo huingia kinywani kwa siku.

Jambo hili si dogo. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa wa Wizara ya Afya wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtoto mmoja kati ya wanne, na mtu mzima mmoja kati ya watatu, alikuwa na meno yaliyooza.

Kazi ya mate

Mtu mzima mwenye afya hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kwa siku. Mate huosha mabaki ya chakula, hupunguza makali ya asidi, na hubeba madini ya kalsiamu na fosfeti yanayoimarisha enameli, yaani gamba gumu la nje la jino.

Juu ya meno hujengeka utando laini unaonata, wenye bakteria wengi. Mtu anapokunywa chai yenye sukari, bakteria hao huila sukari hiyo na kutoa asidi. Ndani ya dakika chache, asidi huanza kuyeyusha madini ya enameli. Mate huanza kuiondoa, lakini huhitaji takriban nusu saa hadi saa moja kurudisha kinywa katika hali yake ya kawaida. Hapo ndipo madini huanza kurudi kwenye jino.

Kwa hiyo, anayekunywa kikombe kimoja cha chai tamu pamoja na chakula huyapa mate nafasi ya kufanya kazi. Lakini muuza duka au mlinzi anayeweka chupa ya chai kando yake, akapiga funda moja kila baada ya dakika kumi tangu saa tatu asubuhi hadi saa sita, hayapi mate nafasi hiyo. Hata kama sukari ni ile ile, meno yake hukaa ndani ya asidi asubuhi nzima. Jino likipoteza madini mengi kuliko yanayorudi, mwishowe hutoboka, na tundu hilo mate hayawezi kuliziba.

Majani ya chai yana nini?

Mchai hufyonza floraidi kutoka udongoni na kuihifadhi katika majani yake. Floraidi huisaidia enameli kustahimili asidi. Majani hayo pia yana viambato vinavyopunguza kasi ya baadhi ya bakteria wa kinywani. Hata hivyo, faida hizi ni ndogo na haziwezi kushinda vijiko vitatu vya sukari.

Chai ya rangi iliyokolea huacha kinywa kikiwa na ukakasi, kama ule wa bibo. Hiyo ni tanini inayoshikana na protini za mate. Ukakasi huo hupita, wala hauna maana kwamba mate yamekwisha. Vilevile, rangi ya kahawia ambayo chai huacha kwenye meno ni doa tu. Si dalili ya kuoza.

Walio katika hatari zaidi

Mtu anapolala, mate hupungua sana. Mtoto anayelala na chupa ya chai tamu mdomoni hukaa na sukari kwenye meno usiku kucha, bila ulinzi wa kutosha. Meno ya utotoni yakioza humletea maumivu, humnyima usingizi na humfanya akatae chakula.

Wazee na wagonjwa wanaotumia baadhi ya dawa, zikiwemo za shinikizo la damu, huweza kuwa na mate machache. Kisukari kisichodhibitiwa pia hukausha kinywa. Miraa na muguka navyo hukausha kinywa, na wengi huvitafuna huku wakinywa soda au chai tamu kwa saa nyingi.

Wakazi wanashauriwa:

- Kunywa chai tamu pamoja na mlo, kisha kunywa maji. Kati ya milo, chai isiwe na sukari.
- Kupunguza sukari kidogo kidogo. Shirika la Afya Duniani linasema ni bora zaidi mtu mzima asizidishe takriban gramu 25 kwa siku, yaani vijiko sita hivi vya chai. Vikombe viwili vyenye vijiko vitatu kila kimoja tayari vimefikisha kiasi hicho. Iliki, tangawizi na mdalasini huongeza ladha bila sukari.
- Kutompa mtoto chai tamu, soda au juisi katika chupa ya kulalia. Maji yanatosha.
- Kupiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floraidi, na baada ya mswaki wa usiku kutokunywa chochote ila maji.
- Wanaofunga Ramadhani: kunywa maji ya kutosha kati ya futari na daku, na kupiga mswaki baada ya daku.

Doa jeupe lisilong'aa kwenye jino huweza kuwa dalili ya kwanza ya kuoza, na katika hatua hiyo jino bado linaweza kuokolewa. Usingoje maumivu. Fika kliniki ya meno katika Hospitali ya Kaunti ya Kilifi au Hospitali ya Malindi, au uliza katika kituo cha afya kilicho karibu nawe uelekezwe.