Kusi Linapovuma: Siku Moja ya Mvuvi wa Ngalawa



Kila Juni, baridi ya Nairobi ikishatuvalisha makoti, kina mama wanaokaanga samaki hapa Mbotela huuliza swali lile lile: mbona samaki wa bahari amepotea? Wengi wao hukaanga samaki wa ziwa, lakini wenye wateja wa asili ya Pwani huulizwa tafi na changu. (Mtaa wetu wenyewe una damu ya huko. Tom Mbotela, diwani aliyeuawa Novemba 1952, alikuwa wa ukoo wa Frere Town, Mombasa.) Wengine husema matajiri wa Mombasa wameficha mali. Lakini chanzo ni upepo.

Pwani ina misimu miwili mikubwa ya upepo. Kaskazi huvuma Novemba hadi Machi hivi, na bahari huwa tulivu. Kusi huvuma kuanzia Aprili hadi Oktoba hivi, na ukali wake ni Juni, Julai na Agosti. Huo ndio wakati wa baridi wa mvuvi, ingawa mtu wa Limuru akiambiwa kwamba maji ya nyuzi 25 ni baridi, atacheka.

Sasa fuatana nasi siku moja ya kusi. Chombo ni ngalawa, mtumbwi wenye mbao za kuusawazisha pande zote mbili, na ndani wamo watu wawili ama watatu. Wanaondoka alfajiri kwa sababu usiku nchi kavu hupoa na kusi hupungua nguvu kidogo. Jua likipanda, upepo unarudi na nguvu zake. Kwa hiyo saa za kazi ni chache.

Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya ina mwamba wa matumbawe unaokwenda sambamba na ufuo. Ndani yake maji ni haba na mawimbi ni madogo. Nje ni bahari kuu, kwenye nguru na jodari. Ili kutoka, lazima upite kwenye mlango wa mwamba, na wakati wa kusi mawimbi huvunjika pale pale. Mkondo nao unakwenda kasi kuelekea kaskazini. Tanga likipasuka huko nje, kasia peke yake haitakurudisha. Mvuvi mwenye akili anaangalia mlango, anatikisa kichwa, anabaki ndani.

Ndani anatega malema, mitego ya kusukwa, akiweka mwani kuwa chambo cha tafi. Ama anashusha mshipi, huku mwenzake akikumba maji kwa kopo, kwani mawimbi hayaachi kuingia. Kufikia adhuhuri wamerudi, wamelowa, wanatetemeka. Samaki wanaopatikana wanagawanywa: sehemu ya chombo, sehemu ya mabaharia, kitoweo cha nyumbani. Kinachobaki huchukuliwa na mama karanga wa hapo ufuoni, na Nairobi haioni kitu.

Kuna shida nyingine. Vyombo vyote vidogo vikibanwa ndani ya mwamba, samaki wachanga ndio wanaoumia. Juya, wavu unaokokotwa na kuzoa kila kitu, limepigwa marufuku Kenya tangu 2001, lakini njaa ya kusi huwashawishi watu kulirudia. Watu wa Kuruwitu, Kilifi, walichukua njia nyingine: mwaka 2005 walitenga kama hekta 30 za bahari yao zisivuliwe kabisa, ili samaki wapate mahali pa kuzaana. Halikuwa jambo rahisi kumwambia mwenye njaa aache sehemu ya shamba lake.

Lakini jambo linalotugusa zaidi sisi wa vikundi ni deni. Mvuvi hana cha kuuza miezi mitatu, watoto wanataka unga na karo. Anakwenda kwa tajiri, yule mnunuzi mwenye barafu na nyavu. Tajiri anakopesha vizuri tu, bila maneno mengi. Kaskazi likija na samaki wakijaa, mvuvi analazimika kumuuzia yeye peke yake, kwa bei anayoitaka yeye. Wenzetu wa mahindi mnaijua hadithi hii: ni yule dalali anayenunua gunia likiwa bado shambani.

Tuseme kikundi kina watu 20, kila mmoja akiweka shilingi 50 kwa wiki, kwa wiki 20 za kaskazi. Hizo ni shilingi 20,000. Hazitoshi kununua mashine ya boti, lakini zinatosha kukopesha familia kadhaa unga wa Julai, nao warudishe Desemba bila kumfunga mtu kwa mnunuzi mmoja. Sharti ni moja, na tunalisema kwa ukali: mfuko huo usiguswe wakati wa neema, hata kwa harusi. Vikundi vya mashambani vinaweza kupiga hesabu hiyo hiyo kwa miezi yao ya njaa.

Na kwa kina mama wa Mbotela: Juni hadi Agosti msilipe oda kubwa ya samaki wa bahari mapema, kaangeni wa ziwa. Kusi likilegea, kuelekea Oktoba, ngalawa zitaanza kupita mlango tena. Hapo ndipo mpige simu Mombasa.