Mbwa Mkubwa Anapochechemea

Leo tunazungumzia mbwa, na usishangae kumsikia muuguzi akiwataja.

Ukifuga mbwa wa jamii ya German Shepherd au Rottweiler kulinda boma, fahamu kwamba hukua upesi, na wengine hurithi kasoro ya kiwiko cha mguu wa mbele. Mifupa 3 inayokutana pale haishikani sawasawa, gegedu linalikika, kiungo kinauma. Dalili huanza mara nyingi akiwa na miezi 4 hadi 12. Akiamka viungo vimekaza, anachechemea, na kichwa huinuka kila anapokanyagia mguu mgonjwa. Ikiwa ni miguu yote miwili hutaona kuchechemea waziwazi, ila hatua fupi fupi tu.

Tafadhali, usimpe Brufen wala Panadol yako. Brufen humtia vidonda tumboni na kuharibu figo. Mwite daktari wa mifugo, na mbwa asiachwe anenepe.

Usimbane mguu, kwani mbwa mwenye maumivu huuma hata bwana wake. Na miguu ikilegea, mate yakimchuruzika, sauti ikibadilika, hicho si kiwiko. Huenda ni kichaa cha mbwa, ambacho Makueni na Kitui ni kati ya kaunti za kwanza katika mpango wa kukikomesha wa 2014 hadi 2030. Ukiumwa na mbwa yeyote, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha njoo kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usingoje kwanza kuona mbwa atafanya nini.