Gundi chini ya kitanda: Mama alidhani mwanawe amepotea

Ungefanya nini kama asubuhi ya Jumamosi, ukifagia chumba cha mwanao wa miaka 13, ufagio ungegonga chupa chini ya kitanda, na ukiiokota ukute imejaa gundi ya viatu?

Kama wewe ni mkazi wa Kondele, mjini Kisumu, najua la kwanza litakalokujia akilini. Umewaona wale vijana karibu na barabara ya juu, chupa zikining'inia midomoni, macho yamelegea, wakiwaomba abiria wa matatu za Kakamega sarafu. Umewaona wengine wakikua na chupa hizo. Wengine hukuwaona tena.

Ndiyo maana simlaumu dada yangu mkubwa kwa alichofanya siku hiyo. Aliitupa chupa chooni, akamfungia kijana ndani, kisha akanipigia simu. "Njoo umwone mpwa wako," akaniambia, sauti ikitetemeka. "Ameanza kuvuta."

Nilipofika, kijana alikuwa ameketi kitandani akiwa amenuna. Mama mtu alisimama mlangoni, mikono kiunoni. Nilimuuliza kijana gundi ilikuwa ya nini. Hakujibu. Aliinuka, akapenyeza mkono nyuma ya kabati na kutoa sanduku la karatasi ngumu lenye picha ya ndege kubwa ikiruka juu ya bahari. Ndani mlikuwa na vipande vingi vya plastiki ya kijivu, na juu yake nusu mbili za bawa zilizobandikwa vibaya, zikivuta nyuzi za manjano kama mrenda uliopikwa ukazidi magadi.

Hapo ndipo nilipoelewa. Sanduku hilo lililetwa Desemba na kaka yetu anayefanya kazi Uingereza. Ni ndege ya mfano, ya kujiundia mwenyewe. Karatasi ya maelezo inamwambia mtoto aunganishe vipande kwa gundi, lakini gundi yenyewe haikuwamo. Kaka hakusahau. Gundi ya namna hiyo na rangi zake hushika moto upesi, kwa hivyo hazikubaliwi katika mizigo ya wasafiri wa ndege. Kijana akafanya ambalo hata mimi ningelifanya: alikwenda kwa fundi wa viatu na kununua ya shilingi chache.

"Kwa nini hukumwambia mama?" nilimuuliza.

"Ningesema nimenunua gundi, angesikia neno gani lingine?"

Swali hilo lilininyamazisha, na nadhani dada yangu pia.

Huenda wewe msomaji hujawahi kuziona ndege hizi. Si zile tulizounda sisi kwa mabua ya mahindi na waya, ingawa zile nazo zilikuwa na ufundi wake na sitakubali mtu azidharau. Hizi hutoka kiwandani zikiwa vipande, kila kipande kimeshikilia kijiti cha plastiki kama embe changa kwenye tawi. Waingereza walianza kuziuza mwaka wa 1936 kwa jina la Frog, kisha baada ya Vita vya Pili vya Dunia kampuni kama Airfix ya London, ambayo kifaa chake cha kwanza cha kuunganisha kilikuwa trekta mwaka wa 1949, ikazifanya kuwa mchezo wa kila mtoto kule kwao.

Nyingi huundwa kwa kipimo cha 1 kwa 72. Maana yake ni kwamba ndege halisi imepunguzwa mara 72. Mtu mwenye kimo cha futi 6 anabaki na urefu wa inchi 1, mfupi kuliko omena. Wakati wa vita, ndege za kipimo hicho zilitumiwa kuwafunza askari kutambua kwa macho ndege ya rafiki na ya adui, kwa hivyo usahihi wake haukuwa mzaha.

Sasa angalia picha iliyokuwa juu ya sanduku la mpwa wangu. Ndege hiyo haina magurudumu ya kutulia. Tumbo lake ni kama la mashua. Inaitwa Sunderland, na Airfix ilianza kuiuza kama ndege ya mfano mwaka wa 1959. Iliundwa na kampuni ya Short Brothers ya Uingereza kwa ajili ya vita, lakini ina ndugu yake wa tumbo moja aliyekuwa wa abiria. Ndugu huyo alikuwa akitua hapa Kisumu, juu ya maji ya ghuba yetu ya Winam.

Najua kuna wanaodhani ninatunga. Shirika la Imperial Airways lilifungua safari za kutoka London hadi Mwanza Februari 1931, na Kisumu ilikuwa kituo. Tangu 1937 zikaja zile kubwa zenye injini 4, zikitoka Southampton, Uingereza, hadi Durban, Afrika Kusini, zikibeba barua na abiria wasiozidi 24. Aliyetaka kwenda Nairobi alishukia Kisumu na kupanda ndege ndogo ya Wilson Airways. Italia ilipoingia vitani 1940 na njia ya kwenda Uingereza ikakatika, ndege hizo zilianza kuruka kati ya Durban na Sydney kule Australia, na bado zilipita Kisumu. Kwa maneno mengine, barua ya askari wa Australia huenda ilishinda ziwani petu kabla ya kufika kwa mkewe.

Mabawa ya ndege hizo yalikuwa na upana wa mita 34 na zaidi, kutoka ncha hadi ncha. Ukigawa kwa 72 unapata kama sentimita 48. Ndiyo maana sanduku halikuenea chini ya kitanda.

Kaka yetu alimwambia kijana haya yote, na kijana akaamua kwamba hataki ndege ya vita. Atauacha mdomo wa bunduki nje, ataipaka rangi ya fedha kama zile za Imperial, na itakuwa ndege ya Kisumu. Vibunduki alikuwa tayari amevikata na kuvitia katika kiberiti. Wajuzi watasema pua na mkia wa ndege hizo mbili havifanani. Ni kweli. Lakini ni nani atakayesimama Kondele kumhoji?

Basi turudi kwenye gundi, maana ndiyo iliyotuleta hapa. Gundi ya viatu hushika kama mkono unavyoshika mkono. Plastiki ya ndege hizi haitaki hivyo. Gundi yake halisi huyeyusha kidogo nyuso mbili zinazokutana, zikachanganyika, na ikikauka mshono umekuwa kitu kimoja. Tatizo ni kwamba kinachoyeyusha plastiki pia hulevya na kudhuru ubongo. Wenzetu walilijua hilo zamani. Kampuni ya Testor ya Marekani ilianza mwaka wa 1969 kutia mafuta ya haradali katika gundi yake ili mwenye kuivuta achomwe pua. Siku hizi kuna aina nyingine inayonukia maganda ya machungwa, ambayo si kali kama zile za zamani.

Sisi hatukuwa na yoyote kati ya hizo. Tulitumia ile gundi ndogo ya maji inayouzwa madukani, inayoshika kwa sekunde chache, tukiichovya kwa ncha ya kijiti cha meno, tone moja moja, dirisha likiwa wazi na mtu mzima akiwa kando. Ukifanya hivi na mwanao, mkataze kabisa kuelekeza kichupa usoni, kwa sababu gundi hiyo ikiingia jichoni ni safari ya hospitali. Usiitumie kwa vioo vya rubani pia. Mvuke wake huacha ukungu mweupe usiotoka. Hapo tumia gundi nyeupe ya maseremala, ambayo ikikauka huwa wazi kama maji.

Kabla ya yote, osha vipande kwa maji ya vuguvugu na sabuni, maana hutoka kiwandani vikiwa na mafuta ambayo rangi haiyapendi. Usivivunje kwa mkono kutoka kwenye vijiti vyake. Vikate kwa wembe, kisha ulainishe kwa msasa mwembamba. Jaribu kila kipande bila gundi kwanza. Sehemu ya ndani, yaani viti, sakafu na rubani mwenyewe, hupakwa rangi kabla ya kufunga tumbo, la sivyo utamfungia rubani gizani akiwa uchi. Vibanio vya nguo vinashikilia mabawa vizuri mpaka yakauke. Dada yangu alivitafuta vya kwake wiki nzima.

Bawa lililoharibika tulilitenganisha polepole kwa uzi, tukakwangua mrenda wote. Kazi hiyo peke yake ilichukua Jumamosi mbili.

Kisha rangi. Rangi ya fedha ipo katika maduka ya vifaa vya ujenzi, ile ya mafuta. Ni nzito mno kwa ndege ya mfano, kwa hivyo tuliichuja kwa soksi ndefu ya nailoni na kuilainisha kwa tapentaini. Si thina ya wapaka rangi wa magari, tafadhali. Thina hula plastiki hii. Pakaa nyembamba, iache ikauke mpaka kesho, pakaa tena. Mwenye haraka ataona alama za brashi mpaka uzee wake.

Hapo ndipo mimi mwenyewe nilipoharibu mambo. Tone la rangi lilidondoka juu ya bawa la kulia. Nikaona kichupa cha dada cha kuondolea rangi ya kucha, nikachovya pamba na kufuta. Rangi ilitoka. Na bawa lilianza kutoka pia! Plastiki ililegea kama mshumaa, pamba ikanasa, mistari yote midogo ya bati ikafutika. Kichupa hicho kina asetoni, ambayo ningepaswa kukumbuka kuwa ni adui mwingine wa plastiki hii. Kijana alinitazama tu. Ningependelea angelia.

Sikuwa na la kusema, nikamsimulia habari za Corsair. Hii ilikuwa ndege mojawapo ya zile za Imperial. Machi 1939, ikitoka Ziwa Victoria kuelekea Juba, ilipotea njia, mafuta yakakaribia kwisha, na rubani akaishusha juu ya mto mwembamba uitwao Dungu, karibu na Faradje, Kongo. Ikagonga jiwe na kupasuka tumbo. Mafundi walitumwa kutoka Uingereza, wakaitengeneza porini kwa miezi. Ilipojaribu kuruka, ikagonga jiwe jingine. Wakaanza upya. Mwishowe mto ulizibwa kwa bwawa ili maji yajae, na Januari 1940 Corsair ikaruka na kwenda zake.

"Walizibaje mto?" akauliza. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza baada ya nusu saa. Tulizungumza habari za mawe, udongo na vibarua, na huku tunazungumza alikuwa amechukua msasa na kuanza kulisugua lile bawa. Mistari ya bati aliichora upya kwa sindano na rula ya shule. Ukiangalia kwa makini utaiona imepinda. Mimi nikija huangalia bawa la kushoto.

Ndege sasa iko juu ya kabati la vyombo, imelazwa kwenye kitambaa cha buluu ambacho dada yangu mwenyewe alikata kutoka kwa leso iliyochakaa. Alisema kitu cha majini hakiwezi kukaa juu ya mbao tupu. Wageni wakiuliza, ni yeye anayeeleza kwamba ndege kama hizo zilikuwa zikitua hapo ziwani, na mara nyingine huongeza abiria wachache kwa idadi niliyompa.

Kuhusu gundi, walifikia mapatano bila mimi. Kichupa hukaa kwenye kabati lake la nguo, pamoja na vyeti vya kuzaliwa, na ufunguo anao yeye. Jumamosi kijana hubisha mlango na kuomba. Mama hufungua, humpa, kisha huleta sinia la mchele wa kuchagua na kuketi karibu na dirisha mpaka kichupa kirudi.

Mara ya mwisho nilipofika, mchele ulikuwa umechaguliwa zamani, na yeye ndiye aliyekuwa ameshika kibano.