Ukuta wa Mchanga

Wajukuu zangu, sogeeni. Ukitoka Kigoma kwa boti kwenda kaskazini, milima ya Hifadhi ya Gombe inakuwa mkono wako wa kulia, imevaa msitu mpaka karibu na maji. Halafu ghafla miti inakatika, kama kitambaa kilichopigwa mkasi. Hapo ndipo kijiji chetu cha Mwamgongo kinapoanza. Nyumba zimebanana chini ufukweni, na nyuma yake mlima umesimama wima, mihogo imepanda nao.

Huo mkato nitaurudia. Kwanza twende majini.

Chutameni pale penye miamba, mtulie. Maji ni maangavu, mtaona mpaka chini. Yupo samaki mdogo mnene, mwenye kichwa butu, anakwangua jiwe kwa mdomo: kwangu, kwangu, kwangu. Anakula ule ute wa kijani unaotelezesha miguu yenu. Wataalamu wanamwita Tropheus. Jike lake hutaga mayai machache makubwa, akayabeba mdomoni, na watoto wakianguliwa hukaa humohumo kwanza. Kwa hiyo hakuna yai linaloelea likachukuliwa na mkondo. Naye mwenyewe akifika mwisho wa miamba, akakuta mchanga mtupu mbele yake, anageuka arudi. Mchangani hana chakula wala pa kujificha. Ghuba mnayoivuka kwa kuogelea, kwake ni ukuta.

Basi ukoo mmoja ukabaki upande huu, mwingine ule, kwa maelfu ya vizazi. Leo, ukilizunguka ziwa zima, utakuta wekundu huku, wa manjano kule, weusi wenye mkanda mahali pengine. Rangi zao zimepita mia. Mimi kila nikilifikiria hili nashangaa upya.

Nani alizijenga kuta hizo? Ardhi yenyewe. Hapa Afrika inapasuka polepole, nasi tunaishi kwenye ukingo wa ule mpasuko, Bonde la Ufa. Ziwa Tanganyika limekuwepo kwa miaka milioni 9 hivi au zaidi, na kina chake kinafika mita 1,470. Duniani kote ni Baikal la Urusi tu linalolizidi kina. Milima inapotumbukia ziwani panakuwa na miamba, na kijito kinaposhuka kinamwaga mchanga. Mwamba, mchanga, mwamba, mchanga. Tena zilikuja zama za ukame mkali, maji yakashuka mamia ya mita, ufuko ukahama na kuta zikahama nao. Mvua iliporudi, koo zikatenganishwa upya.

Ukuta mwingine uko chini. Maji ya kilindini hayana hewa, na dagaa hawezi kuishi huko, ingawa rutuba imelala hukohuko. Kuanzia Mei mpaka Septemba upepo wa kusini husukuma maji ya juu, ya chini yakapata nafasi ya kupanda na rutuba yake, na vijimea vya majini vinavyolisha wadudu wa dagaa vikastawi. Lakini maji ya juu yameongezeka joto katika miaka mia iliyopita. Maji ya moto ni mepesi, hayataki kuchanganyika na ya baridi. Rutuba inabaki chini. Mvuvi anayerudi alfajiri na taa zake na ndoo nusu, usimwambie ni mvivu.

Sasa turudi kwenye ule mkato wa miti. Ng'ambo yake kuna sokwe wa bonde la Mitumba, jirani zetu kabisa. Gombe nzima ina sokwe wapatao 90 tu. Sokwe anataka matunda, na mti wa kulala kila jioni. Mlima wenye mihogo mitupu, kwake ni kama mchanga kwa yule samaki. Zamani misitu ilishikana. Watu wakaongezeka, wengine wakikimbia vita Burundi na Kongo, na kila chungu kinataka kuni. Mtafiti wa sokwe Jane Goodall, aliyefika Gombe mwaka 1960, alipopita juu kwa ndege miaka thelathini baadaye, aliona msitu umebaki kisiwa.

Na mlima ukivuliwa miti, udongo hauna wa kuushika. Mvua kubwa ikipiga, kijito kinashuka chekundu mpaka ziwani. Siku ya pili yake nendeni mkaokote jiwe lileile la mwanzo. Lipitisheni kidole: tope. Ute wa kijani umefunikwa, na yule mkwanguaji ameondoka au amekufa. Ukuta wa sokwe umezaa ukuta wa samaki.

Mwaka 1994 taasisi ya Goodall ilianza mradi wa TACARE, wa kurudisha misitu, pamoja na vijiji vyetu. Baadaye vijiji vikapanga matumizi ya ardhi: hapa palimwe, pale paachwe papumzike. Jambo lililonifurahisha kuliko yote ni visiki. Kumbe mti uliokatwa bado una mizizi hai chini. Usipochomwa moto wala kukatwa tena, unachipua wenyewe, bila kupandwa na mtu. Kesho asubuhi tutapanda mlimani niwaonyeshe kisiki kimoja. Mje na viatu, kuna miiba.