Pikipiki Isiyo na Sauti Katika Njia za Kikula

Mtu aliyekulia Kikula haijui njia kwa macho tu. Aijua kwa masikio. Mama aliyejitwika beseni la unga hageuki nyuma kila mara kutazama, maana mzigo umemfunga shingo; yeye husikiliza. Watoto wachezao mpira wa matambara katikati ya avenyu hawana mlinzi. Mmoja wao asikiapo ngurumo hupiga kelele, wote hutawanyika, na gari likiisha kupita mchezo huendelea. Hata mzee aliyeketi mbele ya nyumba yake aweza kukuambia, bila kuinua macho, kama kilichopita ni lori la madini au ni pikipiki ya manseba.

Siku moja ya majira ya mvua kitu kilipita mbele ya mzee wa namna hiyo, naye hakusikia neno. Ilikuwa pikipiki ya umeme, ya kwanza katika avenyu yetu, iliyonunuliwa Lubumbashi kwa fedha za wajomba watatu. Mwenye kuiendesha alikuwa kijana tuliyemfundisha sisi wenyewe, mtoto wa kwanza wa mama mjane. Mtaa mzima ulimpongeza: chombo hakinywi petroli, hakitoi moshi, hakina kelele! Juma la pili lilikuwa halijaisha alipomgonga msichana wa darasa la kwanza aliyekuwa akivuka njia na kidumu cha maji. Hakuwa akienda mbio sana, na twamshukuru Mungu kwamba mtoto aliokoka, akavunjika mfupa mmoja tu wa bega, ambao sasa umeunga. Tulipokwenda kumwangalia alisema maneno mawili tu: "Sikusikia kitu."

Jioni ile ile mama wa kijana alitujia. "Mwalimu," akasema, "niiuze? Nikiiuza, deni la kaka zangu litabaki. Nisipoiuza, labda kesho mtoto wa mtu atakufa." Hatukuwa na jibu. Tulimwomba siku tatu, tukaenda kusoma na kuuliza, na mengi ya hayo tuyaandikayo hapa tulimwambia yeye kwanza.

Kijana mwenyewe alijitetea kwa neno tulisikialo mara nyingi. "Hii si pikipiki, Mwalimu. Ni kinga tu yenye betri. Sheria ya mapikipiki hainihusu." (Msomaji wa mbali ajue kwamba kwetu Katanga baiskeli huitwa kinga.) Neno hilo si upumbavu mtupu. Mkataba wa Vienna juu ya njia ulitungwa mwaka 1968, na nchi yetu iliungana nao mwaka 1977. Kisha tarehe 30 Agosti 1978 ikatolewa sheria yetu wenyewe ya njia, namba 78/022. Zamani zile nani alikuwa ameiona pikipiki ya betri katika Likasi? Ndiyo maana mkataba ule wa 1968 uliipima pikipiki ndogo kwa mtungi wa injini ichomayo mafuta, usiozidi sentimita 50 za ujazo, na kwa mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa. Betri haina mtungi. Kwa hiyo kijana aona mlango uko wazi, naye apita.

Lakini mlango huo una kizingiti. Mkataba wenyewe waeleza kwamba baiskeli ni chombo kinachokwenda kwa nguvu za miili ya walio juu yake tu. Sisi tulio walimu wa sarufi twapenda maneno madogo, na hapa neno dogo "tu" lamaliza shauri. Chombo kinachokwenda huku miguu ya mwenyewe imepumzika hakiwezi kuitwa kinga, hata kama kina pedali zilizotundikwa ubavuni kama pambo.

Nchi nyingine zimeweka mpaka ulio wazi zaidi. Katika Ulaya baiskeli ya umeme huhesabiwa kuwa baiskeli ikiwa mota yake haizidi wati 250, yamsaidia tu mtu anayekanyaga pedali, na msaada huo wakoma mwendo ufikapo kilomita 25 kwa saa. Ikizidi hapo, ni jamii ya pikipiki. Skuta ndogo za kusimama juu yake zina masharti yake: Ubelgiji tangu tarehe 1 Julai 2022 imekataza mtu aliye chini ya miaka 16 kuziendesha, imekataza watu wawili juu ya skuta moja, na imekataza kuziendesha mahali pa waendao kwa miguu. Watu wa Paris walipigiwa kura skuta za kukodi mwezi wa Aprili 2023, wakazikataa, na mwisho wa Agosti mwaka ule zikaondolewa. Wala tusidhani kwamba haya ni mambo ya Wazungu peke yao. Jirani zetu wa Rwanda waliona pikipiki za umeme zikianza kuchukua abiria katika Kigali mwaka 2019, na tangu Januari 2025 pikipiki mpya ya kuchukua abiria mjini humo haiandikishwi isipokuwa ni ya umeme. Nchi ya Kenya kwa kanuni zake za 2015 yamtaka mwenye pikipiki achukue abiria mmoja tu, na wote wawili wavae kofia ngumu.

Sasa turudi kwenye sauti, maana ndiyo iliyomwangusha mtoto yule. Ulaya walikwisha kuona hatari hiyo kwa magari: tangu Julai 2021 kila motokaa mpya ya umeme yapaswa kutoa mlio wa kuwaonya watu inapokwenda polepole, hadi kilomita 20 kwa saa. Amri hiyo ni ya magari. Pikipiki haikuwekwa ndani yake. Kwa hiyo tusitazamie kwamba viwanda vitatutengenezea mlio. Anayeendesha ndiye apaswaye kuwa sauti ya chombo chake. Kabla ya kumpita mtu mgongoni apige kengele akiwa bado mbali, si akiwa ubavuni pake, kwa maana mtu aliyeshtuliwa ubavuni huruka, na mara nyingi huruka upande usiofaa. Penye watoto wachezao, penye bomba la maji, na mahali watu watokapo Misani, mwendo uwe wa mtu atembeaye. Honi pekee haitoshi. Tumewaona wengine wakipiga honi kama watu wanaofukuza kuku, kisha wakadhani wamekwisha kutimiza wajibu wao.

Juu ya mwendo tulifanya hesabu ubaoni, kijana akiwa amesimama karibu. Pikipiki yake yaweza kufika kilomita 45 kwa saa. Mwendo wa kilomita 25 ni kama mita 7 kila sekunde. Mwendo wa 45 ni mita 12 na nusu. Jicho likiisha kuona, mkono huchukua karibu sekunde moja kuishika breki, na sekunde hiyo nzima chombo kinakwenda vile vile. Tena nguvu ya pigo haiongezeki sawasawa na mwendo, bali huongezeka kwa mwendo ukizidishwa kwa wenyewe: pigo la 45 lapita lile la 25 zaidi ya mara tatu. Kijana alitazama ubao kwa muda mrefu. Alikuwa hodari wa hesabu tangu darasa la nne.

Njia zetu nazo zina tabia zake. Wakati wa mvua shimo hujaa maji na kufanana na kidimbwi kisicho na kina. Gurudumu la pikipiki labda litatoka salama, lakini gurudumu dogo la skuta ya kusimama hunasa humo, na mwendeshaji huendelea peke yake angani. Twasema wazi: skuta za namna hiyo hazikutengenezwa kwa avenyu za udongo za Kikula, na mzazi anayefikiri kumnunulia mtoto moja kwa ajili ya kwenda shule afadhali anunue kinga ya kawaida.

Tena kuna njia kuu itokayo Lubumbashi kupitia kwetu kwenda Kolwezi, yenye malori ya madini usiku na mchana. Motokaa nyingi ziletwazo huku zina usukani upande wa kulia, nasi twafuata mkono wa kulia wa njia. Basi dereva wake huketi upande wa mtaro, na atakapo kulipita lori hawezi kuona mbele mpaka nusu ya gari imekwisha kutokeza. Pikipiki isiyo na mlio, yenye taa ndogo, ikikutana na dereva huyo jioni, haina wa kuitetea. Taa iwashwe hata mchana. Na wale wavulana wanaoshika nyuma ya lori ili wapande kilima bila kukanyaga pedali, au wapate kuokoa betri, wajue kwamba mkataba ule ule wa 1968 wakataza jambo hilo kwa jina, kama unavyokataza kuachia usukani.

Kofia ngumu hatutaisemea sana, maana kila mtu aijua na wachache huivaa. Wataalamu waliokusanya uchunguzi wa nchi nyingi, wakaueleza mwaka 2008, waliona kwamba kwa mwenye pikipiki kofia hupunguza kifo kwa sehemu 42 katika 100, na majeraha ya kichwa kwa sehemu 69. Abiria wetu hukataa kofia ya manseba kwa sababu ya jasho la waliotangulia, na akina mama huhofia nywele zao zilizosukwa leo asubuhi. Hilo si neno la kuchekwa. Kitambaa safi cha pamba chini ya kofia chamaliza jasho. Kwa nywele hatuna dawa.

Jambo lililotutia hofu kuliko yote hatukuliona njiani, bali chumbani. Tulipoingia nyumbani kwa yule mama tulikuta pikipiki imelala ndani, kwa kuogopa wezi, na betri imechomekwa kwenye umeme karibu na mlango. Nyumba ina mlango mmoja. Madirisha yana vyuma. Watoto wanne hulala chumba cha nyuma.

Betri hizi za lithiamu zikipigwa, zikiingia maji, zikitiwa chaja isiyo yake, au zikifunguliwa na fundi asiyezijua, zaweza kupata joto ndani yake lenyewe, na joto hilo hulizaa jingine, mpaka moto utoke ghafula pamoja na moshi wa sumu. Katika mji wa New York mwaka 2023 watu 18 walikufa kwa mioto ya betri hizi, nyingi zikiwa za baiskeli na skuta, na Septemba ya mwaka ule mji ukakataza kuuza betri zisizopimwa. Kwetu kuna jambo moja zaidi: umeme wa Mwadingusha na Koni hukatika, kisha hurudi usiku wa manane kwa kishindo, watu wote wakiwa usingizini, na chaja imebaki imechomekwa. Wengine watasema betri ina kobalti yetu, nasi tuliozaliwa kando ya viwanda vya Shituru hatuwezi kuogopa madini yetu. Kwa kweli betri nyingi za pikipiki hazina kobalti hata chembe. Zina lithiamu, chuma na fosfati. Hizo hazishiki moto upesi kama zile za kobalti, lakini hushika.

Kwa hiyo betri itiwe umeme wakati watu wako macho, barazani, penye kivuli, mbali na mlango na mbali na kitanda. Ikitoka juani au safarini iachwe ipoe kwanza. Ikivimba, au ikitoa harufu ya ajabu, isichomekwe tena. Na ikiwaka, mtu asibaki akitafuta mchanga: watoto watoke kwanza, majirani waitwe, kisha maji mengi yamwagwe kutoka mbali, umeme ukiwa umekwisha kukatwa.

Siku ya tatu tulirudi kwa mama. Wajomba wawili walikuwapo, na baba wa yule msichana alikaribishwa pia, akaja, ingawa alikaa karibu na mlango na hakunywa chai. Tulizungumza mpaka jioni. Pikipiki haikuuzwa. Kijana atatafuta hati ya udereva na bima kama mwenye pikipiki yoyote, na mpaka azipate hatachukua abiria. Ndani ya mtaa hatazidi mwendo wa mtu akimbiaye. Chaja hulala chini ya ufunguo wa mama, naye huitoa asubuhi arudipo kutoka sokoni. Fedha ya kwanza itakayopatikana italipa gharama ya matibabu kabla ya deni la wajomba. Neno hili ndilo lililobishaniwa kuliko yote, na mjomba mkubwa alilikubali akiwa amesimama, kofia mkononi, tayari kuondoka.

Baba wa msichana alisema neno moja tu kabla hajatoka: "Afunge kengele." Mama akaenda nyuma ya nyumba, ilipokuwa kinga ya marehemu mumewe imeegemezwa ukutani, magurudumu yakiwa hayana upepo, akaanza kuilegeza kengele yake kwa kisu cha jikoni. Honi ya pikipiki ilikuwapo, lakini hakuna aliyemkumbusha.

Kofia ya pili, ya abiria, bado haijanunuliwa. Mama asema inangoja mahindi.