Kwa Nini Risasi Haijazwi Upya Nyumbani

Video za watu wanaojaza risasi upya kwenye karakana zao zinapatikana kwa urahisi kwenye simu. Nchini Marekani, hiyo ni burudani ya kawaida kwa wawindaji na walenga shabaha. Kijana wa Karungu mwenye mkono wa ufundi anaweza kujiuliza: mbona nami nisijaribu? Makala haya yanaeleza kazi yenyewe, na kwa nini hapa Kenya si kazi ya nyumbani.

Kazi yenyewe

Risasi nzima ina sehemu nne: ganda, kiwashio kidogo kwenye kitako chake, baruti ndani, na kichwa kinachotoka kwenye mtutu. Bunduki ikifyatuliwa, pini hugonga kiwashio, kiwashio huwasha baruti, na gesi hukisukuma kichwa nje. Ganda hubaki. Anayejaza upya hulisafisha, hulirudisha katika umbo lake, kisha huweka kiwashio, baruti na kichwa kipya.

Kosa dogo huwa na gharama kubwa. Baruti ikizidi, mtutu unaweza kupasuka mbele ya uso wa mfyatuaji. Ikipungua, kichwa kinaweza kukwama ndani, na risasi inayofuata ikagonga kizuizi hicho. Viwashio vinaweza kulipuka vikigongwa. Vumbi la madini ya risasi nalo hudhuru watoto hata wasipogusa kitu.

Sheria inasemaje

Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hairuhusu raia kuwa na bunduki wala risasi bila cheti. Cheti hicho huonyesha pia idadi ya risasi ambazo mwenyewe anaruhusiwa kuwa nazo. Maana yake ni kwamba kila risasi iliyo mkononi mwa raia inapaswa kuwa na hesabu. Risasi iliyotengenezwa kwenye karakana haina hesabu: haijulikani ni ngapi zilitengenezwa, na nani, wala zimeenda wapi.

Baruti na viwashio vinaangukia pia Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115. Wachimbaji dhahabu wa Macalder wanaifahamu sheria hiyo, kwani kilipuzi hakinunuliwi wala kutumiwa bila kibali. Kibali cha mgodi hakimruhusu mtu kupeleka baruti nyumbani.

Risasi zinazotengenezwa nchini hutoka katika kiwanda cha serikali kilichoko Eldoret. Mwaka 2004, Kenya na majirani zake walitia saini Itifaki ya Nairobi ya kudhibiti silaha ndogo ndogo. Kwetu hilo ni jambo la karibu, kwa kuwa tunapakana na Tanzania na ziwa letu linagusa nchi tatu.

Karungu yenyewe ina kumbukumbu ya bunduki. Septemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, meli za Waingereza na Wajerumani zilifyatuliana mizinga katika ghuba yetu.

Ukiokota ganda au risasi

• Usiiguse, usiigonge, usiitupe motoni. Risasi ya zamani bado inaweza kulipuka.
• Waondoe watoto, weka alama mahali hapo, kisha mjulishe chifu au kituo cha polisi kilicho karibu. Unaweza pia kupiga 999 au 112.
• Wanaonunua vyuma chakavu wasipokee maganda wala risasi. Biashara hiyo ina sheria yake ya mwaka 2015, na inahitaji leseni.
• Mafundi wa jua kali wakiletewa kazi ya kutengeneza sehemu ya bunduki au risasi, waikatae na kutoa taarifa.

Anayependa kulenga shabaha aanze na Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha, kisha ajiunge na klabu inayotambuliwa na kununua risasi kwa muuzaji aliyesajiliwa. Usalama ni jukumu la serikali ya kitaifa, lakini macho ya kwanza kijijini ni ya mwananchi.